Ardhi isipojibu, injini kubwa haisaidii

NI msimu wa masika katika Bonde la Kilombero. Lori lililopakia mpunga limeacha barabara ya changarawe na kuingia kwenye kipande cha tope kisichozidi hatua 20, na hapo limesimama. Utingo anapiga kelele: "Dereva, kanyaga mafuta!" Dereva anakanyaga. Injini inanguruma, moshi mweusi unatoka, matairi ya nyuma yanazunguka kwa kasi na kurusha tope hadi kwenye migomba, lakini lori haliendi hata nusu hatua.

Picha hii si ngeni kwa wakulima na wafanyabiashara wa mazao. Mwenye mpunga anahesabu hasara, kwani mnunuzi anasubiri mashineni na mvua inatishia kurudi. Mwenye lori anahesabu dizeli inayoungua bila kazi. Vijana wa kijiji wanasogea na makoleo, wakijua kwamba leo watapata chochote.

Injini ni ileile iliyolitoa lori shambani. Dizeli ni ileile na dereva ni yuleyule. Kilichobadilika ni kimoja tu, nacho ni ardhi iliyo chini ya matairi.

Hapo ndipo lilipo somo ambalo wengi walipita nalo darasani bila kujua kwamba lina fedha ndani yake. Lori, trekta, maksai, punda, baiskeli na hata mtu anayetembea kwa miguu, wote huenda mbele kwa sababu wanasukuma kitu kuelekea nyuma, na kitu hicho nacho kinawasukuma wao kuelekea mbele. Kinachosukumwa kikishindwa kujibu, safari inaishia hapo, hata injini iwe na nguvu kiasi gani.

Kanuni yenye zaidi ya miaka 300

Kanuni hiyo iliandikwa na mwanasayansi wa Uingereza, Isaac Newton, katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1687. Ni ya tatu kati ya kanuni zake za mwendo. Inasema kwamba kitu kimoja kikisukuma kingine, hicho cha pili nacho hukisukuma cha kwanza kwa nguvu ileile, kuelekea upande wa pili.

Mvuvi wa mto Kilombero anaifahamu kanuni hiyo hata kama hajawahi kusikia jina la Newton. Anapotaka mtumbwi uende mbele, huuchomeka upondo chini ya maji na kusukuma kuelekea nyuma. Ardhi iliyo chini ya mto inajibu, na jibu hilo hupita kwenye upondo, mikononi na miguuni mwake, hadi kwenye mtumbwi. Upondo ukizama kwenye matope laini, mtumbwi hausogei, na mvuvi hana budi kutafuta mahali pagumu.

Anayeshuka kutoka kwenye mtumbwi bila kuufunga naye huipata kanuni hiyo kwa njia ya aibu. Anapokanyaga ili arukie ukingoni, mguu wake unausukuma mtumbwi nyuma, mtumbwi unaondoka, naye anaangukia majini akiwa na kikapu chake cha samaki.

Shambani mambo ni hayohayo. Mkulima wa mboga anayemwagilia kwa pampu ya petroli anajua kwamba maji yanapoanza kutoka kwa nguvu, mpira humsukuma nyuma na usiposhikwa vizuri hucheza kama nyoka. Pampu inayatupa maji mbele, na maji yanausukuma mpira nyuma. Baadhi ya vifaa vya kunyunyizia maji bustanini vimetengenezwa kwa kutumia jambo hilo: maji hutoka kwenye mikono iliyopinda, yakaisukuma mikono hiyo upande wa pili, na kifaa kikazunguka chenyewe bila mota.

Maksai na mkokoteni

Kuna swali ambalo huwasumbua wanafunzi na hata watu wazima. Kama maksai wanauvuta mkokoteni, na mkokoteni nao unawavuta maksai nyuma kwa nguvu ileile, kwa nini vitu hivyo viwili visibaki vimesimama mahali pamoja?

Jibu ni kwamba nguvu hizo mbili haziangukii kitu kimoja. Moja inaangukia mkokoteni, nyingine inaangukia maksai, hivyo haziwezi kufutana. Ni kama hesabu za sokoni: fedha iliyoingia mfukoni mwa muuza mkaa haiwezi kulipa deni la muuza samaki. Anayetaka kujua hali ya kila mmoja lazima afungue daftari la kila mmoja peke yake.

Daftari la maksai lina pande mbili. Upande wa mapato kuna ardhi, ambayo inasukumwa nyuma na kwato zao na inawasukuma wao mbele. Upande wa matumizi kuna mkokoteni unaowavuta nyuma kupitia nira. Mapato yakizidi matumizi, mkokoteni unang'oka mahali ulipokuwa umesimama. Ukishaanza kwenda, inatosha pande hizo mbili ziwe sawa ili mwendo uendelee. Ndiyo maana mkokoteni unasumbua zaidi wakati wa kuanza kuliko unapokuwa njiani.

Kwa kazi ya kutwa, maksai wenye afya wanaweza kuvuta nguvu inayolingana na takriban asilimia 10 ya uzito wao. Jozi yenye uzito wa kilo 600 kwa pamoja, basi, inaweza kuvuta kwa utulivu kiasi cha kilo 60. Wanaweza kuvuta zaidi ya hapo kwa muda mfupi, kwa mfano wanapokutana na kisiki au kilima kifupi, lakini si asubuhi nzima.

Udongo mweusi wa mbuga, kama ule ulioko sehemu nyingi za Usukuma, ukiwa mkavu huivuta plau kwa nguvu kubwa kuliko kiasi hicho. Ukiwa umelowa kupita kiasi, kwato huzama na kuteleza, maana yake ardhi haijibu. Kati ya hali hizo mbili kuna siku chache baada ya mvua za kwanza ambapo plau haivuti sana na kwato zinashika vizuri. Mkulima anayelisha na kufundisha maksai wake mapema ndiye anayezikuta siku hizo akiwa tayari.

Asiyezipata siku hizo ana njia mbili: kuongeza jozi ya pili ya maksai, au kupunguza kina cha plau. Kuwachapa viboko hakubadilishi chochote kwenye daftari, kwa sababu tatizo liko kwenye mzigo na ardhi.

Trekta linalolima ekari 14 kupata 10

Kwa wenye matrekta na wanaoyakodi, somo hili linapimika kwa lita za dizeli. Gurudumu la trekta shambani haliwezi kukosa kuteleza kabisa. Udongo husogea kidogo kuelekea nyuma kabla haujajibu. Kuteleza kwa asilimia 10 hadi 15 wakati wa kulima ni jambo la kawaida. Kukizidi asilimia 20, mwenye trekta anapoteza mafuta na matairi.

Kipimo chake hakihitaji kifaa chochote cha gharama. Dereva anachora alama ya chaki kwenye tairi la nyuma, kisha anaendesha trekta shambani plau ikiwa imeinuliwa, na msaidizi anahesabu mizunguko 10 na kupima umbali kwa hatua au kwa kamba. Halafu wanarudia plau ikiwa imezama ardhini.

Tuseme mara ya kwanza mizunguko 10 imetoa mita 40, na mara ya pili imetoa mita 34. Mita 6 zimepotea kati ya 40, sawa na asilimia 15. Trekta hilo linafanya kazi vizuri. Lakini kama mara ya pili imetoa mita 28, zimepotea mita 12, sawa na asilimia 30. Kwa kiwango hicho, ili kumaliza shamba la ekari 10, magurudumu yanazunguka umbali wa kutosha zaidi ya ekari 14.

Hasara hiyo haimwangukii mwenye trekta peke yake. Mkulima anayelipa kwa ekari anaweza kudhani kwamba mafuta si juu yake, kumbe tairi linaloteleza linausugua na kuushindilia udongo ulio chini yake, na mizizi ya mahindi itakuja kukutana na tabaka hilo gumu.

Dawa yake iko katika mambo matatu. La kwanza ni uzito, kwa kuwa tairi hushika ardhi kwa kadiri linavyokandamizwa. Ndiyo sababu matrekta hufungwa vyuma vizito, na matairi ya nyuma hujazwa maji kwa sehemu kubwa. La pili ni upepo: tairi lililojazwa kupita kiasi hugusa ardhi kwa eneo dogo, na kiasi kinachofaa kimeandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. La tatu ni kupunguza mzigo, ama kwa kuinua plau kidogo ama kwa kusubiri udongo unyauke.

Uzito nao una mpaka. Trekta lenye vyuma vingi kuliko kazi yake linachoma dizeli kwa kujibeba lenyewe, na linaushindilia udongo zaidi. Kipimo cha chaki kikionyesha kwamba tairi haliteleza karibu kabisa wakati wa kulima, ni dalili kwamba uzito umezidi.

Pawatila ina siri yake

Tangu azma ya Kilimo Kwanza ilipotangazwa mwaka 2009, pawatila zimeonekana katika wilaya nyingi za Tanzania, hasa kwenye mabonde ya mpunga. Baadhi ya walionunua walikata tamaa mapema, wakidai kwamba mashine hiyo haina nguvu.

Mara nyingi injini haina kosa. Pawatila ni nyepesi, hivyo magurudumu yake hayawezi kuisukuma ardhi kwa nguvu kubwa. Ikifungwa plau kwenye udongo mgumu, magurudumu yanateleza hata kama injini bado ina nguvu ya ziada.

Ikifungwa majembe ya kuzunguka, hesabu hubadilika. Majembe hayo yanaukata udongo na kuutupa nyuma, na udongo unaisukuma mashine mbele. Kazi ya kulima yenyewe inageuka kuwa msaada wa kusonga. Ndani ya jaruba lenye maji, magurudumu ya mpira huondolewa na kufungwa ya chuma yenye mbao pana mfano wa makasia, ambayo yanashika tope jingi kwa wakati mmoja.

Msukumo huo una hatari yake. Kwenye ardhi kavu na ngumu, majembe yanaweza kushindwa kukata na badala yake yakairusha mashine mbele ikamburuta mwendeshaji. Mashine ikirudishwa nyuma huku majembe yakizunguka, inaweza kumpanda mwendeshaji aliye nyuma yake. Kwa hiyo majembe yanapaswa kuzimwa kila mara kabla ya kurudi nyuma.

Pale ardhi inapokataa kabisa

Hatari kubwa zaidi iko kwenye trekta lililokwama. Dereva akiona matairi yanateleza, hutafuta gogo na kulifunga kwa mnyororo kwenye magurudumu ya nyuma ili yashike. Gogo likibana, magurudumu hayawezi tena kuzunguka. Injini inaendelea kusukuma, na kwa kuwa magurudumu yamekataa kuzunguka mbele, mwili wa trekta ndio unaozunguka kuelekea nyuma. Pua inainuka, na trekta linaweza kumwangukia dereva kwa muda usiofika sekunde mbili. Ni muda mfupi kuliko ule wa kufikiri na kukanyaga klachi.

Jambo hilohilo hutokea pale mnyororo wa kuvutia gogo au lori unapofungwa juu, kwenye ekseli au nyuma ya kiti. Mzigo usiposogea, nguvu yake ya kujibu inaivuta sehemu ya juu ya trekta nyuma na kuiinua pua. Mnyororo unapaswa kufungwa kwenye chuma cha kuvutia kilichoko chini, na hapo tu.

Trekta lililokwama litolewe kwa kurudi nyuma taratibu, baada ya kuchimba tope lililoko nyuma ya matairi. Likigoma, livutwe na trekta jingine. Siku moja ya kusubiri ni nafuu kuliko msiba.

Barabarani na sokoni

Wafanyabiashara wadogo nao wanaishi kwa kanuni hii kila siku. Mvutaji wa mkokoteni wa Kariakoo anapoinama mbele na kukanyaga lami kwa ncha za miguu, anaisukuma lami nyuma ili imsukume mbele. Akiwa amevaa kandambili zilizolainika kwenye barabara yenye maji, miguu inateleza na mzigo unamrudisha. Wengi wao hupenda katambuga zilizokatwa kutoka kwenye matairi ya gari, na wana sababu nzuri, kwani mpira wa tairi umetengenezwa kwa ajili ya kushika barabara.

Dereva wa bodaboda anayebeba magunia nyuma ya kiti naye ana hesabu yake. Mzigo ukikaa nyuma sana, gurudumu la mbele linakuwa jepesi. Gurudumu jepesi haliwezi kusukuma barabara vya kutosha, na barabara hailirudishii nguvu ya kukata kona. Usukani unageuka lakini pikipiki inaendelea kwenda moja kwa moja. Mzigo ule ukisogezwa mbele na kufungwa chini, pikipiki hiyohiyo inatii.

Kusimama nako ni kazi ya barabara. Breki huzuia gurudumu, lakini kinachoisimamisha pikipiki ni barabara inayolisukuma tairi nyuma. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa kwenye lami kavu, pikipiki yenye matairi mazuri inaweza kusimama katika takriban mita 9 tangu breki ziliposhika. Barabara ikilowa au tairi likiwa na kipara kiasi kwamba mshiko unapungua kwa nusu, umbali huo unakuwa mita 18. Hapo hazijahesabiwa mita 11 ambazo pikipiki inakwenda katika sekunde moja ya dereva kushtuka.

Anayeahirisha kununua tairi la nyuma ili kuokoa fedha ya leo anapaswa kuziweka mita hizo kwenye hesabu zake.

Lori la mpunga linatokaje?

Kwa mfano, lori lenye uzito wa tani 10 pamoja na mzigo, ambalo tani 6 kati ya hizo ziko juu ya magurudumu ya nyuma yanayosukuma, likiwa kwenye lami kavu linaweza kupata msukumo wa zaidi ya tani 4, huku likihitaji kiasi cha kilo 100 hadi 200 tu ili liendelee kwenda kwenye tambarare.

Kwenye tope laini, mshiko unaweza kushuka hadi robo ya uzito ulioko kwenye magurudumu hayo, yaani tani moja na nusu. Wakati huohuo magurudumu yamezama, na tope linalozuia njia linaweza kudai tani 2. Mapato ni tani moja na nusu, matumizi ni tani 2. Lori haliwezi kutoka, na kukanyaga mafuta hakuongezi hata kilo moja upande wa mapato. Kinyume chake, tairi linalozunguka kwa kasi linachimba shimo, na deni linakua.

Kinachosaidia ni kuibadilisha ardhi. Vijana wenye makoleo wanaondoa tope lililoko mbele ya matairi, na hivyo kupunguza matumizi. Wanatandika mawe, matawi au mchanga chini ya matairi, na hivyo kuongeza mapato. Upepo wa matairi unapunguzwa kidogo ili yatanuke, kisha unajazwa tena mara lori linapofika barabarani. Sehemu ya magunia inashushwa ili magurudumu yasizame zaidi. Halafu dereva anaondoka kwa gia ndogo, polepole, bila kuyazungusha matairi bure, huku watu wote wakiwa wamekaa kando, kwani jiwe au tawi lililo chini ya tairi linaweza kurushwa nyuma kwa nguvu.

Kabla ya kufika huko, mwenye mpunga alikuwa na njia iliyo rahisi zaidi: kuvisomba magunia kwa mkokoteni wa maksai hadi kwenye changarawe, na kuliacha lori likisubiri mahali ambapo ardhi inajibu. Gharama ya kusomba magunia hayo inajulikana tangu asubuhi. Gharama ya lori kulala kwenye tope haijulikani hadi lilipotoka.

Kwa hiyo mkulima au mfanyabiashara anayefikiria kununua injini kubwa zaidi, ni vema kwanza atazame chini. Aangalie matairi yake, uzito wake na njia yake, kisha ajiulize kama ardhi hiyo itaweza kuijibu nguvu anayotaka kuilipia.